Kibodi ya IBM Model M: mguso, makelele na kidole cha mwisho

Kila kibodi niliyowahi kuimiliki imeanza kuchakaa mahali pamoja, nacho ni kitufe cha A. Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri maandishi ya Kiswahili, saa sita hadi nane kwa siku, na Kiswahili, kama anavyojua kila anayekiandika, ni nadra kufunga silabi pasipo irabu, na katika irabu zake tano A ndiyo inayoitwa mara nyingi kuliko nyingine zote. Kibodi iliyotangulia hii ninayoiandikia leo, ambayo ilikuwa ya kawaida tu na yenye swichi za kahawia (swichi ni kile kifaa kidogo kilicho chini ya kila kitufe, na rangi hutaja aina yake), ilifikia hali ya kitufe cha A kung'aa kana kwamba kimepakwa mafuta na herufi iliyochorwa juu yake kufutika kabisa, huku Q na X, ambazo alfabeti yetu haina kazi nazo, zikiwa bado na ule ukavu wa plastiki iliyotoka kiwandani jana. Kitufe kirefu cha nafasi nacho kilikuwa kimeanza kutoa mlio wa kijiko ndani ya kikombe kila kilipoguswa upande wa kulia. Sikuwa na ugomvi mkubwa na kibodi ile, lakini nilipokuwa natafuta ya kuirithi niliamua safari hii nisinunue kwa kusoma maelezo ya nyuma ya boksi. Nilitaka kwanza kujua vidole vyangu vinapenda nini hasa. Baada ya mizunguko mingi nikaishia kwenye Model M, na sasa nimeiandikia kwa mwaka mzima na ushei, muda ambao naamini unatosha kuisema kwa haki.

Model M si kitu kipya. IBM ilianza kuitoa mwaka 1985, ikashika nafasi ya kibodi ya Model F iliyokuja na kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981. Mwaka 1991 kitengo kilichokuwa kikitengeneza kibodi hizi kilijitenga na kuwa kampuni ya Lexmark, na Lexmark ilipoachana na kazi hiyo mwaka 1996, mitambo ilichukuliwa na kampuni ndogo ya Unicomp, iliyoko jimbo la Kentucky nchini Marekani, ambayo mpaka leo inatoa kibodi za muundo uleule. Yangu ni ya mkono wa pili. Kibandiko kilicho chini yake kinaonyesha kwamba ilitengenezwa mwaka 1989, maana yake ni kwamba wapo wahariri ninaofanya nao kazi ambao kibodi hii ni kaka yao. Ina vitufe 101, upana wake unakaribia nusu mita, rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa kijivu kidogo, na uzito wake unazidi kilo 2. Nilipoinua boksi mara ya kwanza nilidhani muuzaji amesahau kitu kingine ndani.

Sifa yote ya kibodi hii iko kwenye springi. Chini ya kila kitufe imesimama springi moja nyembamba, na kidole kinaposhuka springi hiyo inabanwa taratibu hadi inafika mahali haiwezi kuvumilia zaidi, ikajipinda ubavuni ghafla. Kule kujipinda ndiko kunakofanya mambo yote kwa pamoja: upinzani uliokuwa chini ya kidole unaporomoka, springi inagonga ukuta wa kijitundu chake na kutoa mlio mkali, na nyundo ndogo ya plastiki iliyo kwenye kitako cha springi inainama na kubonyeza tabaka za utando zilizochorwa saketi, herufi ikatokea kwenye skrini. Anayetaka kulielewa jambo hili kwa kidole chake mwenyewe aweke kidole cha shahada juu ya J na akishushe polepole kadiri awezavyo. Mwanzoni atahisi upinzani unaoongezeka kwa ulaini, kama anayesukuma mlango uliojaa upepo. Kisha, bila yeye kuamua, kitufe kitamponyoka. Nimejaribu mara nyingi kukisimamisha katikati ya safari na sijaweza. Kitufe ama hakijaandika, ama kimeshaandika. Hali ya tatu haipo.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na kibodi nyingi ambazo watu wengi wanazijua. Katika kibodi za kawaida za ofisini, zile za kuba za mpira, saketi hufungwa pale mpira unapokuwa umekwisha kubonyea, yaani karibu na sakafu kabisa, na kwa sababu hiyo mwandishi anajifunza, pasipo kujua kwamba anajifunza, kupiga kila kitufe mpaka chini ili awe na uhakika. Ukimtazama mtu aliyekulia kwenye kibodi hizo utaona kila herufi inaishia kwa pigo. Swichi za Cherry MX, zilizobuniwa Ujerumani miaka ya 1980, na ambazo baada ya muda wa hataza yake kwisha zimeigwa na viwanda vingi, zilileta jambo la maana sana: safari yote ya kitufe ni milimita 4, lakini herufi inasajiliwa kwenye milimita 2 hivi, katikati ya njia. Swali linalobaki ni jinsi gani kidole kitajua kwamba kimefika katikati. Swichi nyekundu haikwambii chochote; inateremka kwa ulaini uleule kutoka juu hadi chini kwa nguvu ya gramu 45 hivi, na wapo wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo, hasa wacheza michezo ya kompyuta. Ya kahawia ina kinundu kidogo njiani. Ya bluu ina kinundu kikubwa zaidi pamoja na mlio.

Nilizitumia za kahawia kwa miaka minne na naweza kusema kwamba kinundu chake ni kama mtu anayekohoa kistaarabu mlangoni: ukiwa umetulia unamsikia, ukiwa na haraka unampita. Siku za kazi nyingi, niliposoma tena kurasa nilizoziandika, nilikuwa nikikuta herufi zimekosekana mahali ambapo nilikuwa na hakika kwamba nimezigusa, na katika Kiswahili kukosekana kwa herufi moja si jambo dogo, kwa sababu kiambishi kizima kinaweza kuwa herufi moja. Aliyekusudia kuandika “aliona” akakosa A ya mwanzo amebaki na “liona”, na mhariri anayekuja baadaye anaanza kutafuta jina la ngeli ya tano ambalo halikuwapo kamwe. Swichi za bluu nazo zina kasoro moja niliyochelewa kuitambua: mlio wake hutolewa na kipande kinachojitegemea cha plastiki kinachoruka ndani ya swichi, na kitufe kinaporudi juu hupita mahali kilipoandikia kabla ya kuwa tayari kuandika tena. Katika mwendo wa kawaida haidhuru. Katika herufi zinazojirudia, kama katika “kaa” au “saa”, mimi nilikuwa nikiisikia kama kigugumizi kidogo.

Kabla ya kuinunua Model M niliamini kwamba ninachokipenda ni sauti. Ndivyo wengi wanavyosema wakiulizwa, na ndivyo mjadala mzima wa kibodi unavyoendeshwa, kana kwamba watu wamegawanyika katika makundi mawili, wa makelele na wa ukimya. Siku moja, kwa sababu ya ukarabati uliokuwa ukiendelea nje ya dirisha, nilivaa vizibo vya masikio vya sifongo na kufanya kazi hivyo kwa saa mbili. Nilitarajia kibodi ipoteze utamu wake. Haikupoteza hata kidogo. Kila herufi iliendelea kuniarifu kupitia ncha ya kidole kwamba imefika, na makosa yangu hayakuongezeka. Kesho yake nikaazima kibodi yenye swichi za bluu na kurudia jaribio lile lile kwa vizibo vile vile, na tofauti ikajitokeza ndani ya robo saa: sauti ilipoondoka, kidole kilibaki na kinundu tu, nami nikaanza tena kupiga vitufe mpaka chini kama zamani. Tangu siku hiyo nimeacha kusema kwamba napenda kibodi yenye kelele. Ninachopenda ni kibodi inayonijulisha, mapema na mahali pamoja kila mara, kwamba imenisikia. Kelele ni gharama ya taarifa hiyo, na kwa Model M gharama ni kubwa.

Ni kubwa kiasi gani? Mlio wa springi unapokutana na bamba la chuma lililo chini yake hutoa mwangwi wa kimetali unaosikika vyumba viwili mbele milango ikiwa wazi. Ninashiriki chumba cha kazi na mwenzangu mmoja mpole, na siku ya tatu aliniuliza, bila kuinua uso kwenye karatasi zake, “Ndugu yangu, hiyo mvua ya mawe itakatika saa ngapi?” Nilijibu kwamba nimebakiza kurasa nne. Tangu hapo tumekubaliana kwamba akiwa na simu mimi nasoma, siandiki, na mapatano hayo yamenifanya nisome zaidi kuliko zamani. Nimejaribu pia kupunguza makali. Kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili chini ya kibodi kimesaidia kuliko nilivyotegemea, kwani sehemu ya kelele ilikuwa ya meza na si ya kibodi. Wapo wanaoingiza kipande kifupi cha uzi wa kusafishia meno ndani ya kila springi ili kuua ule mwangwi, nami nilikifanyia hivyo kitufe kimoja, cha F12, ili nione. Mlio ukawa mfupi na mkavu, kama ukucha juu ya ubao, lakini mguso nao ukapoteza ncha yake. Nilikiacha hicho kimoja kama kumbukumbu.

Jambo ambalo sijaona likisemwa na wanaoisifu kibodi hii, pengine kwa sababu wengi wao wanaandika Kiingereza, ni hesabu ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Springi ya Model M inadai nguvu ya gramu 60 hadi 70 kabla ya kujipinda. Kwa kidole cha shahada hiyo si kitu. Lakini kwenye mpangilio wa QWERTY A imewekwa chini ya kidole kidogo kuliko vyote, na jirani yake W ikawekwa chini ya kidole cha pete, na sisi tunaoandika Kiswahili hatumalizi mstari bila “wa” hata mara kadhaa: wa umilikaji, wa watu, wa kitenzi, wa kihusishi. Chukua neno “watawatafuta”. Lina herufi kumi na mbili, na ukiliandika kwa vidole vyote kama ilivyofundishwa, kumi na moja kati yake ni za mkono wa kushoto, tano zikiwa ni A. Mkono wa kulia unapata U moja na kurudi kupumzika. Kwa swichi za gramu 45 sikuwahi kulifikiria jambo hili. Kwa Model M nilianza kulifikiria wiki ya pili, majira ya alasiri, nilipohisi joto dogo kwenye upande wa nje wa kiganja cha kushoto.

Lilichukua miezi miwili hivi kupotea, na halikupotea kwa sababu kidole kilipata nguvu tu. Lilipotea nilipojifunza kuacha kusukuma baada ya springi kujipinda. Kibodi iliyotangulia ilikuwa imenizoesha kufika chini, hii haihitaji. Ukishaamini kwamba mponyoko ule chini ya kidole ndio mwisho wa kazi, kidole kinaanza kurudi mapema chenyewe, na jumla ya kazi ya siku inakuwa ndogo kuliko ya kibodi laini inayopigwa hadi sakafuni laki moja ya mara. Hata hivyo sitamshauri mtu mwenye maumivu ya vifundo au ya mishipa ya mkono aianze safari hii kwa kunisikiliza mimi. Siku ninazozidisha saa nane, A bado inanikumbusha.

Kwa sababu ya A hiyohiyo nilijaribu kitu kingine, ambacho umbo la kibodi hii linakiruhusu kuliko nyingi. Bamba la chuma la ndani limepindwa kama kiganja kilichokunjuka nusu, na ndilo linalofanya safu za vitufe zikutane na vidole kila moja kwa pembe yake. Vifuniko vya vitufe vyenyewe vya herufi vina umbo moja. Katika kibodi nyingi za leo ni kinyume: bamba limenyooka na kila safu ina vifuniko vya umbo lake, hivyo ukihamisha herufi kutoka safu moja kwenda nyingine unapata meno yasiyolingana. Kwenye Model M unang'oa, unahamisha, na uso wa kibodi unabaki laini kama ulivyokuwa. Basi nikaupanga mpangilio wa Dvorak, uliopewa hataza Marekani mwaka 1936, ambao umeziweka irabu zote tano kwenye mstari wa katikati wa mkono wa kushoto na kuziachia konsonanti nyingi mkono wa kulia. Kwa lugha ya konsonanti na irabu zinazopokezana, nilidhani nimepata dawa. Na kwa maneno kama “tunalima” au “shamba” ni dawa kweli, mikono inapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Lakini K na J, P na Y, zimebaki kushoto pamoja na irabu, na K ni herufi ambayo Kiswahili hakiwezi kuikwepa: kwa, katika, kama, kuwa, kila. Isitoshe A yenyewe haikuondoka chini ya kidole kile kile kidogo. Baada ya wiki tatu za kuandika kama mtoto anayejifunza kutambaa nilirudisha vifuniko vyote mahali pake. Sijutii, usiku wa kuvipanga upya nilivisafisha vyote kwa maji vuguvugu na sabuni, na vilikuwa vinahitaji.

Wakati wa kuvisafisha ndipo nilipovitazama kwa karibu. Vimetengenezwa kwa plastiki ngumu ya PBT, si ile ya ABS iliyoko kwenye kibodi nyingi za kawaida, na herufi hazikuchapwa juu yake bali rangi imepenyezwa ndani ya plastiki kwa joto, ndiyo maana baada ya miaka zaidi ya 30 hakuna hata herufi moja iliyofifia. PBT nayo hung'aa ikitumika mno, lakini taratibu sana. Kibodi iliponifikia, vitufe vilivyokuwa na mng'ao kidogo vilikuwa E na T. A haikuwa na chochote cha ajabu. Mwenyewe wa kwanza hakuandika Kiswahili. Sasa, nikiiinamisha kibodi upande wa dirisha, naona A imeanza kuzifuata zile mbili, na nakiri kwamba nalitazama jambo hilo kwa furaha isiyo na maana yoyote.

Kuhusu umbo kwa jumla nina lawama moja ya kweli, nayo ni ukubwa. Kundi la vitufe vya tarakimu upande wa kulia linasukuma kipanya mbali kiasi kwamba bega la kulia linafunguka kila ninapokifuata, na mimi ni mtu wa maneno, tarakimu naziandika chache. Iliwahi kutolewa Model M fupi yenye vitufe 84, isiyo na kundi hilo, na ningekuwa naanza upya ningeitafuta hiyo kwa bidii, japokuwa wanaozimiliki hawaziachii kirahisi. Suluhisho langu la sasa ni la kizembe: nimekihamishia kipanya mkono wa kushoto, ambao tayari una malalamiko yake.

Kebo ilinipa shida ambayo msomaji anaweza kuiepuka. Model M za wakati huo huishia kwenye plagi ya duara ya PS/2, na kompyuta yangu, kama nyingi za leo, ina USB tu. Nilinunua adapta ndogo ya kijani, ile inayobadilisha umbo la plagi na kuishia hapo, na kibodi haikuonyesha dalili yoyote ya uhai, nikamwandikia muuzaji kwa hasira kwamba ameniuzia kitu kibovu. Kosa lilikuwa langu na la adapta, si lake. Kibodi hizi hazijui lugha ya USB, na adapta ya aina hiyo haitafsiri. Inafaa tu kwa vifaa vilivyoundwa kuelewa lugha zote mbili. Kinachotakiwa ni kigeuzi chenye chipu ndani, ambacho hupokea ishara za PS/2 upande mmoja na kujitambulisha kama kibodi ya USB upande wa pili. Nilipokipata, taa tatu za kijani za juu kulia ziliwaka, nami nikaandika barua ya kuomba radhi kwa kibodi ile ile.

Vitufe vya kisasa havipo. Kitufe chenye nembo ya Windows kilikuja katikati ya miaka ya 1990, baada ya kibodi yangu kuzaliwa, na mahali pake pana uwazi mtupu kati ya Ctrl na Alt. Nilidhani nitakikosa, nilichofanya ni kuingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuipa Caps Lock kazi ya Ctrl, kisha Ctrl ya kona kuipa kazi ya kitufe kile kisichokuwapo. Hilo la kwanza nampendekezea kila mtu, awe na kibodi yoyote ile. Kibodi za IBM zilizotangulia Model M zilikuwa na Ctrl pale pale kando ya A, na kibodi ndogo ya Kijapani ya Happy Hacking, yenye vitufe 60 tu na iliyotoka mwaka 1996, iliirudisha hapo. Hakuna vitufe vya kupandisha sauti, hakuna taa za rangi chini ya herufi, hakuna kutumia bila waya. Alama ya ritifaa, ambayo mwandishi wa “ng'ombe” na “ng'ambo” anaihitaji kila wakati, iko mahali pake pa kawaida kando ya Enter, na kidole cha mwisho cha kulia kinaifikia bila kujinyoosha.

Kuna mapungufu mawili ya kiufundi ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua. La kwanza, utando wa ndani una hakika ya kupokea vitufe viwili tu vinavyobonyezwa kwa wakati mmoja. Cha tatu kinaweza kukubaliwa au kukataliwa kutegemea kilipo. Katika uandishi halijanisumbua, lakini anayecheza michezo inayotaka vidole vinne vishikilie vitufe vinne ataliona dakika ya kwanza. La pili ni umri. Tabaka za ndani zimeshikwa pamoja na vijimsumari vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa, na plastiki hiyo hukakamaa na kukatika kadiri miaka inavyopita. Kibodi iliyokatika vingi huanza kuwa na safu ambayo mguso wake ni mlegevu kuliko nyingine. Fundi mvumilivu huvibadilisha kwa skrubu ndogo na nati. Anayenunua ya mkono wa pili aigeuze juu chini na kuitikisa polepole: akisikia chembe zinatembea ndani, hizo ni vichwa vilivyokatika. Asinywe chochote karibu nayo pia, kwa kuwa zile za awali hazina njia ya kutolea maji, na kikombe kimoja kikimwagika kinakwenda moja kwa moja kwenye utando.

Anayefanya kazi katika chumba cha watu wengi, au anayeandika usiku wakati wengine wamelala upande wa pili wa ukuta, asiinunue hata akipewa. Swichi za kahawia zinamtosha, au zile laini za kompyuta za mapajani ambazo, pamoja na ufupi wa safari yake, hazimkeri mtu. Vilevile anayeandika kwa vidole viwili huku akizitazama herufi hatapata chochote hapa isipokuwa kelele, kwa sababu macho yake tayari yanamwambia kile ambacho springi ingemwambia. Lakini anayeandika bila kutazama, kwa saa nyingi, maandishi marefu ambayo atayasoma mwenyewe baadaye kutafuta makosa, na ambaye ana mlango wa kufunga, sijui kifaa kingine ambacho ningemwambia akijaribu kabla ya hiki. Asiyetaka shida za umri na za plagi anaweza kuangalia zinazotolewa na Unicomp, ambazo zina USB na kitufe cha Windows.

Kibodi yangu ya zamani haikwenda popote. Ninaiweka kwenye begi la safari, na nikiwa mbali na meza yangu ndiyo ninayoiandikia, pamoja na kile kijiko chake kwenye kitufe cha nafasi. Model M haitoki mezani, na kwa kilo zake zile hata ningetaka itoke, ingebidi kwanza niliulize begi.